Laki sita iliyogeuka milioni mbili na laki saba: kisa cha msingi wa Goba

Jumamosi moja, saa moja asubuhi, mama mdogo alinitumia picha ya karatasi kwenye WhatsApp bila salamu. Huyu ni mwalimu mstaafu ambaye hata nyanya haulizi bei kabla ya kusalimia muuzaji, kwa hiyo ukimya ule ulinitosha kujua kuna jambo. Nikaikuza picha. Ilikuwa ankara ya fundi anayemjengea nyumba Goba, Dar es Salaam, imechapwa vizuri stationery, ina mistari na jumla chini kwa wino mzito. Yeye alijua amebakiza laki sita. Karatasi ilisema 2,700,400.

Dakika mbili baadaye akapiga. "Mwanangu, huyu mtu ni mwizi. Naenda polisi."

Nikamwomba mambo matatu: asimjibu fundi, asimlipe hata senti, na anitumie mazungumzo yao yote ya simu, maandishi na sauti, tangu siku ya kwanza. La polisi nikamwambia aliache. Mvutano wa bili ni madai, na askari hana meza ya kuamua kozi moja (mstari mmoja) ya tofali inalipwa shilingi ngapi. Nimeona watu wakilipeleka huko, fundi akalala ndani siku moja, kisha jengo likalala miaka miwili.

Makubaliano yao yaliandikwa kwenye karatasi ya kaunta buku, na kusema kweli yalikuwa na afadhali kuliko mengi ninayoletewa. Yalisomeka hivi: "Ufundi wa msingi mpaka jamvi, nyumba vyumba vitatu, 2,600,000. Vifaa vyote na maji juu ya mwenye nyumba. Malipo awamu tatu." Sahihi mbili, mashahidi wawili, tarehe. Alikuwa ameshalipa milioni mbili kwa awamu mbili. Jamvi, yaani zege la sakafu, limemwagwa, kwa hiyo awamu ya tatu, laki sita, ilikuwa halali ya fundi na hakuna aliyeibishia.

Kilichokosekana kwenye karatasi ile ni neno moja tu: urefu. Msingi mpaka jamvi, sawa, lakini jamvi liko juu kiasi gani kutoka ardhini? Mbezi ya chini au Kigamboni tambarare unaweza ukaliruka swali hilo na usidhurike. Goba ni vilima. Kiwanja cha mama mdogo kinaanza barabarani kikiwa kimetulia, halafu kinateremka kuelekea korongoni, na nyumba yenyewe ina mita 12 kwa 10, zile 12 zikifuata mteremko. Mtu akisimama barabarani haoni kitu. Fundi alisimama barabarani.

Nyongeza alizoandika zilikuwa hizi, nazinakili kama zilivyo:

Kozi za nyongeza, tofali 900 kwa 700: 630,000
Kujaza na kushindilia kifusi cha ziada: 350,000
Mkanda wa pili wa zege, nyuma: 280,000
Mashine ya zege siku ya pili: 120,000
Kubomoa na kujenga upya ukuta wa choo: 150,000
Maji, maboza mawili: 160,000
Chakula siku ya zege: 90,000
VAT asilimia 18: 320,400

Jumla ya nyongeza 2,100,400. Ukiweka na laki sita ya awali unapata ile namba iliyomkosesha mama mdogo salamu.

Kosa ambalo karibu kila mwenye nyumba hulifanya hapa ni kuishika jumla. "Milioni mbili na laki moja? Nakupa laki nane, basi." Fundi naye atashuka kidogo, watakutana katikati, na hakuna atakayejua alichokilipia wala alichokisamehe. Ankara ya nyongeza haina jumla, ina mistari. Kila mstari una asili yake: mmoja umeletwa na ardhi, mwingine na mwenye nyumba, wa tatu na uzembe wa fundi, wa nne na kijana wa stationery (huyo tutamfikia). Ukivichanganya unamlipa fundi kwa makosa yake na kumdhulumu kwa jasho lake, vyote kwa mkupuo mmoja.

Jumapili tulikutana kiwanjani. Fundi ana umri wa kuwa kaka yangu mkubwa sana, nikamwamkia, akaitikia, akamwamkia mama mdogo, tukakaa juu ya tofali. Nalitaja hili kwa sababu ilikuwa njia panda. Fundi alikuja na vijana wake wawili, uso umekunjwa, amejiandaa kwa matusi. Nilipomwambia, "Fundi, sijaja kukata bei, nimekuja kupima na wewe," alivua kofia na kuwatuma vijana wakalete tepu.

Tulianza na tofali. Msingi huu umejengwa kwa tofali za nchi sita zilizolazwa, kwa hiyo kozi moja pamoja na udongo wake wa saruji inapanda kama sentimita 17. Pembe za mbele zina kozi 4. Pembe za nyuma zina kozi 11, na ukuta wa nyuma, ukisimama upande wa korongoni, unakufika begani. Mteremko wa kama mita 1.2, basi. Huo ndio ulioleta kozi saba zaidi upande wa chini, zikipungua taratibu hadi sifuri mbele.

Kuta zote za msingi, za nje na za ndani, zina jumla ya mita 78. Kozi moja kuuzunguka wote inakula tofali 168 hivi. Wastani wa kozi za ziada ni tatu na nusu. Hesabu ya haraka inatoa 588. Fundi hakuipenda, akasema wastani unamdhulumu kwa sababu kuta nyingi za vyumba ziko nyuma. Alikuwa na haki. Tukahesabu ukuta kwa ukuta, yeye akiita na mimi nikiandika, tukapata 604.

Sasa 900 zilitoka wapi? Hakuzitunga. Mama mdogo alituma hela ya tofali 900 za nyongeza, zikaja 900, fundi akaandika 900. Zilizobaki zilikuwa zimepangwa chini ya mwembe, 228, na zilizovunjika zilikuwa zimetupwa ndani ya kifusi. Fundi alihesabu zilizoshushwa kwenye gari badala ya zilizojengwa. Nimekutana na hesabu ya namna hii mara nyingi na sidhani kama kila mara ni ujanja. Risiti ya gari ipo mfukoni, kuzunguka ukuta kunahitaji kuinama. Bei ya 700 kwa tofali hatukuigusa. Kwa hiyo 604 mara 700: 422,800. Akakubali bila kusukumwa, maana namba aliitamka mwenyewe.

Mstari wa kifusi ulipita upesi. Sakafu ya mita za mraba 120 ikiinuliwa wastani wa sentimita 60, ukitoa unene wa kuta, inahitaji kama mita za ujazo 60 za kifusi cha ziada. Kushusha, kusambaza, kumwagia maji na kushindilia kiasi hicho kwa laki tatu na nusu ni rahisi, mimi nisingeifanya kwa bei hiyo. Hofu yangu ilikuwa kama kweli walishindilia kwa tabaka au walimimina mlima wa udongo na kuupiga juu tu, kwa sababu jamvi litakuja kupasuka mwaka kesho na hapo hakuna wa kumdai. Fundi akatoa simu. Picha nne za siku tofauti: udongo uko kozi ya pili, umeloa, kijana na kompakta (mashine ya kushindilia); udongo kozi ya tano, vivyo hivyo. Nikaweka vema. Picha zile zilimwokolea fundi 350,000, na alizipiga kwa sababu tu mwanawe alitaka za kuweka status.

Mkanda wa pili ndio uliotaka kutuvunjia kikao.

Ukuta wa nyuma unabeba kifusi kirefu kinachousukuma nje kuelekea korongoni. Fundi, kwa akili yake, aliona tofali peke yake hazitahimili, akaufunga katikati ya urefu kwa mkanda wa zege wenye nondo nne za milimita 12. Mkanda unaonekana kwa nje, mstari wa kijivu mpevu, nikaupima: mita 10 nyuma na mita 6 kila ubavu, jumla 22. Kiufundi sina neno, mimi ningeuweka pia. Lakini mama mdogo alisimama. "Mimi sikumwagiza. Kwenye karatasi mkanda ni mmoja, wa juu. Kama aliona haja, angeniuliza. Mtu akikupikia chakula hukuagiza halafu akakuletea bili, utalipa?"

Hoja nzuri, na kwenye visa vingine ingeshinda. Sema nilikuwa nimeyasikiliza mazungumzo yao usiku mzima. Wiki tano nyuma fundi alituma picha ya ukuta ule na maandishi: "Mama huku nyuma kuna mzigo, naona tufunge mkanda hapa kati." Na mama mdogo, akiwa Morogoro kwenye kitchen party, muziki unasikika nyuma yake, alijibu kwa sauti, sekunde tisa: "Fundi endelea tu, mimi mambo ya nondo siyajui, wewe fanya kitu imara, tutaongea."

Nikaicheza. Mama mdogo akatazama korongoni kwa muda. "Kumbe nilisema," akasema.

"Endelea tu, tutaongea" ni agizo. Halina bei, ila ni agizo. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, haidai kila makubaliano yawe kwenye karatasi. Neno la mdomo linafunga, na sauti ya WhatsApp ni neno la mdomo lisilosahaulika. Hata kama angekaa kimya kabisa, kifungu cha 70 cha sheria hiyo kingemfuata: mtu akikufanyia jambo kihalali, bila nia ya kukupa bure, nawe ukafaidika nalo, unawajibika kumfidia. Mfano wake wa chakula una tundu hapo. Chakula unaweza kukirudisha jikoni, mkanda ulioshika nyumba yako utaurudisha vipi?

Ila kulifidia jambo si kulipa bei yoyote iliyoandikwa, na hapa fundi ndiye aliyebanwa. Nilimuuliza mkanda wa juu aliukadiria mita kwa shilingi ngapi alipopanga ile 2,600,000. Akafikiri, akasema elfu sita. Kwa huu wa pili, 280,000 kwa mita 22, ni zaidi ya elfu kumi na mbili. Akaeleza kwamba huu una mbao za kufunga pande zote na ulifanyika juu ya jukwaa. Kweli. Tukavutana tukafika 7,500 kwa mita, yaani 165,000. Sikuwa na kanuni yoyote mkononi ya kufikia 7,500, ilikuwa biashara tu, lakini biashara iliyoanzia kwenye bei yake mwenyewe na si kwenye huruma.

Mashine ya zege. Siku ya kwanza saruji ilifika saa nane mchana kwa sababu duka la vifaa lilichelewesha gari, zege likaishia nusu, mashine ikakodiwa tena kesho yake. Vifaa ni juu ya mwenye nyumba, kwa hiyo kuchelewa kwa vifaa ni mzigo wake. Lakini fundi aliileta mashine saa mbili asubuhi na kuanza kuhesabiwa saa huku kiwanjani hakuna hata mfuko mmoja. Nusu kwa nusu: 60,000.

Ukuta wa choo cha chumba kikubwa sikuujadili kwa muda mrefu. Nilikunjua ramani, nikaonyesha mita 1.5, nikamwuliza mara ya kwanza alijenga ngapi. Mita 1.2, akasema, kamba ilisogea. Hakuna ujumbe wowote wa mama mdogo kuhusu choo. Ulijenga vibaya, ukabomoa, ukajenga sawasawa: umelipwa kwa kujenga sawasawa, ndiyo ile 2,600,000. Fundi mwenyewe alicheka kidogo na kusema, "Hiyo ifute, injinia." Nina hakika aliiweka ili iwe ya kufutwa. Mafundi wengi huacha mstari mmoja wa kuchinjwa, kama muuza vitenge anayeanzia juu.

Maji: maboza mawili, yale magari ya maji, fundi alilipa kutoka mfukoni, ujumbe wa M-Pesa upo, elfu themanini kila mmoja. Karatasi inasema maji ni ya mwenye nyumba. 160,000, nukta.

Chakula. Nilitaka kukihoji, maana hakimo popote kwenye makubaliano. Mama mdogo akanikata kauli kabla sijamaliza sentensi: "Hicho hakijadiliwi. Siku ya zege mwenye nyumba analisha. Ningekuwepo ningepika mwenyewe." Akahesabu elfu tisini kutoka kwenye pochi, akampa fundi mkononi pale pale. Wale vijana wawili waliokuwa wamenuna tangu asubuhi wakaanza kuzungumza. Nadhani nusu ya maelewano yaliyofuata yalinunuliwa na hiyo elfu tisini, na mimi nilikuwa karibu kuikata.

Ikabaki VAT, kodi ya ongezeko la thamani.

Nilimwomba fundi namba yake ya usajili wa VAT. Akaniuliza namba gani. Nikamwomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Hana mashine. Hana usajili. Mauzo yake kwa mwaka hayakaribii hata kidogo shilingi milioni 200, kiwango ambacho mfanyabiashara akikifikia ndipo analazimika kusajiliwa. Asiyesajiliwa haruhusiwi kutoza kodi hii, na hela ukimpa haiendi TRA, mamlaka ya mapato, inaishia kwake. Nilikuwa nimeshajiandaa kumsomea somo, ndipo akasema jambo lililotuchekesha sote: "Mimi niliandika kwa mkono. Yule kijana wa stationery ndiye aliyeniwekea. Alisema ankara zote za ujenzi zinakuwa hivyo." Kijana alikuwa na kiolezo cha kampuni fulani kwenye kompyuta, akafuta jina la juu, akaacha hesabu za chini. Fundi aliona namba imekua, hakuuliza. Hapo, niseme wazi, sikumwamini kwamba hakuelewa. 320,400 ikaondoka.

Mwisho wa kikao nyongeza zilisimama 1,247,800. Ongeza laki sita: 1,847,800. Kutoka 2,700,400 zilikuwa zimetoka 852,600, na zaidi ya theluthi ya hizo ni kazi ya kijana wa stationery peke yake. Mama mdogo alilipa 1,700,000 kwa simu siku ile ile, pamoja na zile tisini zilizokwisha kutoka. Ile 57,800 iliyobaki tulikubaliana ailipe baada ya siku saba, jamvi likiwa limemwagiliwa asubuhi na jioni na mabaki ya mbao yameondolewa. Aliilipa siku ya nane.

Njiani kurudi alinung'unika kwamba bado amelipa nyongeza ya milioni moja na laki mbili na ushee. Amelipa, ndiyo. Ila hizo nyingi hazikuwa za kuepukika, zilikuwa za kujulikana mapema. Mteremko ule ulikuwepo siku alipokinunua kiwanja. Mpira mweupe wa maji wa kupimia usawa, mita ishirini, watu wawili, nusu saa, na fundi angeandika "kozi 4 mbele, 11 nyuma" kabla ya kutaja bei. Angetaja kubwa zaidi, mama mdogo angekunja uso, pengine angesogeza nyumba karibu na barabara au angeigeuza ule upande wa mita 10 ufuate mteremko na kupunguza kozi moja au zaidi. Chaguo hizo zote alikuwa nazo. Baada ya jamvi hakuwa na hata moja. Ninapomfanyia mtu makadirio kwenye tambarare huweka asilimia 10 ya dharura. Kwenye vilima kama vya Goba naweka 15 na bado nadai kupima kwanza.

Makubaliano ya boma, yaani kuta za juu ya msingi, tuliyaandika upya palepale juu ya bonneti ya gari. Bei ni kwa tofali iliyojengwa na si kwa jumla, hesabu inafanywa na watu wawili kila Jumamosi. Kazi yoyote isiyo kwenye karatasi: fundi anatuma picha na bei, mama mdogo anaandika "nakubali" au "hapana". Sauti hazihesabiki. Hilo la sauti fundi ndiye aliyelitaka, si mimi.

Juzi mama mdogo alinitumia walichoandikiana. Fundi alikuwa ametuma picha ya uwazi mpana wa sebule, tepu imelazwa kwenye kozi ya juu, na chini yake: "Shikamoo mama. Lenta ya hapa naomba nondo 16 badala ya 12. Inaongezeka 48,000. Nasubiri jibu, zege ni kesho kutwa." Jibu lake: "Marahaba fundi. Usiguse kitu, nampigia mwanangu."